Binti Mfalme Aliyekataa Kuokolewa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Akina maman wa parokia wameniomba mchezo wa sikukuu ya wanawake, Jumamosi. Nimeandika mzuri sana: joka limemteka binti mfalme, shujaa anakuja kumwokoa. Shujaa ni Joël, kijana wa parokia. Binti mfalme ni Mwadi, mtoto wa dada yangu Yolande. Kazi yake ni kulia dirishani. Bon. Amesoma, akaniuliza, "Tonton, huyu binti hana mikono?" Anataka upanga. Nimekataa. Yolande amecheka tu. Nyumba hii haina msaada.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwongezea Mwadi kilio kirefu ili asahau upanga. Kwenye mazoezi, ukumbini huko Berchem, amekisoma kama anasoma saa za tramu. Kisha akamfundisha Joël kushika upanga. Joël ameshukuru. Shujaa gani huyo?

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, kwa fundi wa nguo Tshibangu. Nimeagiza gauni la kifalme, la kubana magotini, mvaaji asiweze kukimbia. Tshibangu ameuliza kama binti ni mgonjwa. Nimesema ni mkaidi. Amenitazama sana, lakini ameshona.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Papa Kazadi, joka letu, amekamatwa na mgongo. Donc nimevaa ngozi ya joka mwenyewe. Joël ameona ukumbi umejaa, akasimama kama nguzo. Nimenguruma. Nimemnong'oneza aniue. Akaanza kulia, yeye. Ndipo nikasikia kitambaa kinapasuka. Mwadi ameruka kutoka dirishani, gauni limechanika, ndani amevaa suruali ya michezo. Amechukua upanga, akanipiga ubavuni.

"Kufa, tonton," amesema polepole.

Nimekataa. Mwandishi ni mimi. Amenipiga tena. Nimekufa.

Akina maman wamesimama wote, vigelegele, Yolande machozi. Mwadi amemshika Joël mkono, wakainama pamoja mbele ya watu. Joka limeachwa sakafuni.

Jumapili, 9 Machi
Ubavu unauma. Baada ya misa wote wamempongeza Mwadi. Mimi nimeulizwa nani alicheza joka. Padri anataka mchezo wa Noeli pia, na safari hii nimepata dawa: Mwadi atakuwa Bikira Maria. Atakaa kwenye nyasi kavu, atabeba mtoto, basi. Amekubali bila ubishi. Ameuliza tu kama askari wa Herode watafika mpaka zizini. Ameuliza kwa adabu, nimemwambia nitawaandika. Hatimaye mtoto ameanza kunisikiliza.