Trekta Linaloimba Bila Kulima

Masumbwe,
Wilaya ya Kahama.
6 Desemba 1954.

Kwa Bwana Masele,
Katibu wa Chama cha Wakulima wa Pamba, Kahama.

Bwana Katibu,

Shikamoo. Naiandika barua hii mapema kabla hasira hazijanipanda. Mimi ni Nkwabi, nsumba ntale, yaani kiongozi wa wale vijana wanaolima mashamba ya watu kwa jembe na ngoma. Nasikia mkutano wa tarehe 18 utaamua mashamba ya chama yalimwe na trekta peke yake, sisi tukae nyumbani tupige miayo. Kabla hamjaamua, naomba nikueleze tabia za huyo mfanyakazi wenu mpya, ambaye tumelima naye shamba moja wiki tatu. Mpya nasema kwa heshima tu, maana Mzungu wa mgodini alilitumia mpaka rangi ikaisha.

1. Linaimba bila kulima. Barabarani, likiwa halina mzigo, halina neno. Ukishusha plau kwenye udongo mzito wa mbugani, injini inapandisha sauti mpaka kunguru wanahama, lakini magurudumu yanazunguka polepole, halafu hayazunguki kabisa. Wala si tope, maana kwenye tope yangezunguka bure. Haya yanasimama tu kuisikiliza injini. Kwetu mtu anayepaza sauti huku jembe lake limelala hulipa kuku.

2. Linavuta moshi kazini. Harufu yake ni ya nguo iliyoungua na pasi, nayo hutoka chini ya miguu ya dereva. Sisi tumbaku ni baada ya mstari kuisha. Mama Klara, mwenye shamba la jirani, aliacha uji jikoni akakimbia na ndoo ya maji.

3. Halikubali kuzimika. Mlimwita Fundi Theonest kutoka Kahama. Alikaza breki, akatia gia kubwa, akaachia klachi taratibu huku injini inanguruma. Akatuambia trekta lenye klachi nzima lazima lizimike hapo hapo. Hili likaendelea kunguruma kana kwamba hakuna aliyeligusa. Fundi akatamka kwamba klachi inateleza: bamba lake limelika, nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu. Mimi nililijua hilo siku ya kwanza kwa kusikiliza tu, kwamba sauti inapanda na mwendo hauongezeki. Lakini mimi hamkuniita fundi.

4. Kwa hiyo naomba trekta liandikishwe katika kikundi chetu, chini yangu. Lilipe mbuzi wa kiingilio, na kwa kuwa halina mbuzi, chama ndicho mzazi wake. Kila asubuhi liwaamkie wakubwa kwa honi moja, si mbili. Lisitangulie mstari mpaka limalize mwaka. Na kwenye mashindano ya ngoma baada ya mavuno lisimame upande wetu, maana sauti linayo. Likikataa, lirudishwe mgodini.

Utani kando, Bwana Katibu, naogopa. Vijana wangu ni thelathini na wawili, na wengine wameanza kuulizia kazi ya kushuka mashimoni Geita. Wakikaa msimu mmoja bila kulima, sitawapata tena.

Nisalimie Mama Esta, watoto, ng'ombe wote na wajumbe wote, hata wale watakaonipinga.

Ni mimi mtiifu wako,
Nkwabi

Nyongeza: Barua hii imengoja gari la Kahama siku nne, na katika siku hizo Fundi Theonest amefunga bamba jipya. Amegundua pia kilichokula lile la zamani. Dereva Jilala hatoi mguu wa kushoto kwenye pedali ya klachi, anaikanyagakanyaga kutwa nzima. Alipoulizwa, akasema anafuata ngoma yetu. Bwana Katibu, Jilala ni mpigangoma wangu wa miaka sita, mimi mwenyewe ndiye niliyempendekeza kwenu. Leo asubuhi nimekataza ngoma kwa majaribio. Trekta limemaliza eka mbili kabla ya saa nne. Vijana wangu wamelima kimya nusu mstari, wakakaa chini. Basi malalamiko yote nayafuta. Naomba tu trekta lipewe mashamba ya mbugani na sisi mtuachie ya mlimani, mbali kiasi cha Jilala kutoisikia ngoma. Yeye ameniomba nikuandikie kwamba yasiwe mbali hivyo.