Namna Nilivyonyamazisha Motere

Jumatano, 10 Julai 2024. Kapata.

Motokari yangu imetukanwa. Tena mbele ya mke wangu! Jirani Tshiamala aliegemea ukuta wetu, akamuuliza Adolphine kama tumenunua cherehani. Adolphine akajibu kwamba hapana, ni bwana yake, Tata Kyungu, anarudi sokoni. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa bado barabarani, kwenye usukani. Kelele ni kubwa lakini masikio yangu ni mazima.

Halafu ubaya zaidi. Jumamosi Tshiamala anakwenda Mutshatsha na motokari yake mpya, isiyo na sauti kabisa. Amempa Adolphine nafasi akamwone dada yake Mbelu, aliyetoka hospitali. Adolphine ameshukuru. Hajakubali, ameshukuru tu. Neno hilo limenikaa rohoni mchana kutwa.

Mbelu ndiye aliyemlea. Tangu dada huyo augue, Adolphine anatia chumvi mara mbili au anasahau kabisa. Mimi nakula, namaliza sahani. Atakayempeleka ni mimi. Na tutakwenda kimya kimya.

Alhamisi, 11 Julai.

Uchunguzi. Nimetazama video kwenye simu. Mzungu wa video anasema lugha nisiyoijua, lakini mikono yake inaeleweka. Kelele inatoka kwenye masupapu, vile vifuniko vidogo vinavyofunguka na kufungika ndani ya motere, injini yenyewe. Nafasi yake imelegea. Unafungua juu, unaingiza kibati chembamba cha kupimia, unakaza skurubu mpaka kibati kibanwe kidogo. Basi. Na kwa kazi hiyo watu wanakwenda garage!

Nilikwenda Dilala kutafuta kibati cha kupimia. Fundi Nkongolo akasema nisijisumbue, atakuja nyumbani mwenyewe. Nilimwambia ni kwa ajili ya rafiki. Kibati nimekikata kwenye kopo la sardini. Akili!

Niliporudi tu, nikafungua motere. Nikaungua vidole. Bila shaka yule mzungu alisema ingojewe ipoe, ila alisema kwa lugha yake. Nimemwambia Adolphine nimeungua na chai. Akaleta beseni la maji baridi, akavishika vidole vyangu ndani ya maji muda mrefu. Baadaye nikakumbuka kwamba chai iliisha juzi.

Ijumaa, 12 Julai.

Baridi kali asubuhi. Motere baridi pia. Vizuri.

Nimepima kila supapu kwa kibati cha sardini. Nikawasha. Kelele imezidi! Mbwa wa jirani amekimbia. Nikakaa kwenye ndoo, nikafikiri. Nafasi kubwa, kelele kubwa. Nafasi ndogo, kelele ndogo. Kwa hiyo bila nafasi, hakuna kelele! Nashangaa mzungu hakuliona hilo. Nimetupa kibati. Nimekaza zote mpaka mwisho.

Iligoma kidogo kuwaka. Halafu ikawaka, na kimya! Nikasikia jogoo wa Kapata. Nikasikia Adolphine akitwanga. Motere inatetemeka kidogo, labda kwa kutozoea. Nimepita mbele ya Tshiamala mara kadhaa bila shughuli. Nimemwambia asante, mke wangu ana usafiri.

Jumamosi, 13 Julai. Mutshatsha, jioni.

Tumefika. Niandike polepole.

Adolphine alivaa kitenge kipya. Alipakata sufuria ya kuku na sombe ya majani ya muhogo kwa ajili ya dada yake. Kilima cha kwanza, motere ikapoteza nguvu. Cha pili, wauza makala, makaa ya kupikia, waliokuwa wanarudi na baiskeli tupu wakatupita, wakatusalimia kwa heshima. Cha tatu, ikazima. Haikuwaka tena.

Adolphine akauliza, "Ulikaza yote?"

Nikasema yote.

"Hata nafasi kidogo hukuacha?"

"Kelele ilikuwa inatokea mu ile nafasi."

Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Kisha kicheko kikageuka, akawa analia kweli. Akasema anaogopa kumkuta Mbelu amekwisha, amekuwa mudogo kama mutoto. Akasema tangu jana anaomba safari ichelewe, na sasa imechelewa anaona aibu. Sikuwa na mpango wowote, mimi! Nikashika mkono wake tu, kwa vidole vyangu vya malengelenge. Tukafungua sufuria, tukala paja moja la kuku wa mgonjwa.

Likaja lori tupu la makala. Dereva, Dimitri, kijana mwenye adabu, akatufunga kamba nyuma ya lori lake atukokote. Akamwambia mama apande mbele kwenye lori, kuna kiti kizuri, hakuna vumbi.

Adolphine akamjibu, "Aksanti, mutoto yangu. Miye niko na bwana yangu."

Akarudi akaketi karibu yangu. Vumbi lote la lori tulilimeza sisi. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile.

Mbelu alikuwa ameketi nje, amekonda, shali mabegani. Alipotuona mwisho wa kamba, wekundu kama matofali, akapiga kelele: "Adolphine! Banakukokota kama mbuzi?" Akacheka huku ameshika tumbo. Watoto wake wanasema hajacheka hivyo tangu hospitali. Adolphine alishuka kabla lori halijasimama. Wakashikana, wakayumba pale uani. Mimi nilibaki kwenye usukani kidogo. Vumbi machoni.

Jumapili, 14 Julai. Mutshatsha.

Nimelala na kosa la jana, nimeliamkia, na nimeligundua. Ni vilima.

Wote wamekwenda misa, hata Mbelu, amemshika Adolphine mkono. Mimi nimesema mgongo unauma. Shemeji Zéphirin, mume wa Mbelu, ana mashine ya kusaga mahindi nyuma ya nyumba. Jana jioni iliunguruma vibaya sana. Hawalalamiki, maskini, wamezoea. Watu wametupokea kwa moyo mkubwa hivi, nami nitawaacha na kelele ile?

Motere yake imepoa. Nimeigusa kwanza, nani anasema mimi sijifunzi? Kifuniko kinatoka kirahisi. Na hapa Mutshatsha hakuna vilima.

Padre wa huku, wanasema, anahubiri kwa kirefu.