Diwani Danyluk Ampongeza Dorian kwa Kuvuka Mpaka

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Willow Bluff. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye kwa bahati njema ni mke wa Meya. Mkuu wa Zimamoto ya Kujitolea pamoja na kikosi chako, naona amekuja mmoja. Baba Padri Bohdan. Akina mama wa kanisa mliotuandalia maandazi ya viazi. Wakulima wa ngano, wakulima wa dengu, na wakulima mliokuja kwa sababu humu ndani kuna joto. Na mimi mwenyewe, Orville Danyluk, Diwani, Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo, Utamaduni na Uondoaji Theluji: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya glavu.)

Ndugu wananchi, leo hii nyuzi zikiwa thelathini na nne chini ya sifuri, nasimama mbele yenu kuwataarifu rasmi kwamba kijana wetu Dorian Hrabchuk, mdaka mipira hodari wa futiboli yetu ya Kikanada, ile ya mpira wa umbo la yai unaokimbizwa mikononi, mtoto wa marehemu Stan wa ghala la nafaka, ambaye tunaye humu ukumbini, alikwenda kufanya majaribio kwenye timu ya kulipwa ya Marekani, na kwamba hatua hiyo adhimu ni tunda la moja kwa moja la Mpango Mkakati Jumuishi wa Kuvuka Mpaka, uliobuniwa, kuasisiwa na kuratibiwa na ofisi yangu kwa asilimia mia moja na nne. (Sauti: "Hiyo nne ya nini?") Nne ni ya ziada, bwana. Huo ndio uchapakazi.

Tukumbuke tulikotoka. Msimu ulipokwisha mwezi wa kumi na moja, Dorian alikuwa na miaka ishirini na saba, goti moja bovu, na barua moja tu ya mwaliko, na alimwambia mama yake, Bi. Lorraine, ambaye yuko hapa mbele, kwamba akikataliwa safari hii anatundika daluga na kwenda kupakia ngano maisha yake yote. Hapo ndipo Kituo chetu cha Kisasa cha Mafunzo ya Ndani kilipoingilia kati kwa uwezeshaji endelevu. (Bi. Lorraine: "Alifanyia mazoezi kwenye zizi la akina Petkau, Orville!") Sahihi kabisa, mama, kitaalamu tunaita mazingira shirikishi ya mifugo, ambapo mchezaji hujifunza kukwepa mabeki sitini na wawili wenye pembe. (Kicheko. Mzee Petkau: "Mmoja aliacha kutoa maziwa!") Changamoto hiyo tumeipokea, mzee wangu, na inafanyiwa tathmini.

Ikaja safari. Ndege ilifutwa kwa dhoruba, zikabaki siku mbili, na kwa mujibu wa Mkakati wa Usafirishaji wa Dharura tukamkabidhi mchezaji kwa chombo maalumu chenye matairi kumi. (Sauti: "Lilikuwa gari la majitaka!") Lilikuwa gari la majitaka, ndiyo, la shangazi yake, Bi. Verna, mwanamke shupavu, na pale mpakani ofisa wa Marekani aliuliza, "Mama, umebeba nini humo nyuma?" Bi. Verna akamjibu, "Fungua mwenyewe uone." Wakapita mara moja. (Vigelegele.) Huo, ndugu zangu, ndio udiplomasia wa kiuchumi.

Sasa sikilizeni majaribio yenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu, kama mwasisi, ulipotaka kusimama. Mnajua kwetu mdaka mpira anaruhusiwa kuanza kukimbia kabla mpira haujaanzishwa. Kwa Wamarekani ni kosa, usimame kama nguzo. Dorian amekimbia hivyo tangu ana miaka minane. Basi mara ya kwanza akachomoka, filimbi. Mara ya pili akachomoka, filimbi. Mara ya tatu kocha akatupa kofia chini. "Kijana, unakimbilia wapi?"

"Samahani, kocha. Kwetu inaruhusiwa."

"Basi nenda ukakimbie kwenu! Nakupa moja tu, ya mwisho."

Wachezaji wengine walicheka hadi wakashika magoti. Dorian mwenyewe ameniambia alichokiona mbele yake hakikuwa uwanja, bali koleo la ghalani. Ndipo Mshauri Mwelekezi wa Kiufundi tuliyemteua... (Dorian, akisimama: "Diwani, alikuwa shangazi. Alipanda juu ya gari akanipigia kelele kupitia uzio: 'Dori! Simama kama siku ya pili ya msiba wa baba yako, ulivyosimama mlangoni ukatupokea wote bila kutikisika!'") Naam. (Bi. Lorraine anafuta macho kwa kitambaa cha maandazi.) Naam. Basi... alisimama?

(Dorian: "Nilisimama. Mpira ulipoanzishwa nikaenda. Nilidaka huo, kocha akaniongezea, nikadaka kumi na moja iliyofuata. Goti lilikuwa linauma, nikasema liume.")

Kumi na mbili! Ofisi yangu ilikuwa imekadiria kumi na mbili. Ikafuata wiki nzima ya kimya, simu haikulia, na Dorian akaenda ghalani akavaa ovaroli ya baba yake. Alhamisi, akiwa amebeba gunia, ikalia. (Sauti nyingi: "Wakasemaje?") Mwacheni aseme mwenyewe, ila kwa ufupi, maana bado nina kurasa tisa.

(Dorian: "Wamenipa mkataba wa kuingia kambini majira ya joto. Wanaweza kunitimua siku ya kwanza. Lakini jina langu limeshaandikwa kwenye jezi, na wamelikosea." Ukumbi unalipuka. Bi. Verna anamrukia Dorian shingoni. Kurasa tisa za Diwani zinaanguka kwenye kahawa.)

Hewala! Basi, kwa kuwa kurasa zimepata ajali kazini, nifunge kwa kaulimbiu zetu. Nikisema "Vuka!" mseme "Mpaka!" Vuka! (Wananchi: "Maandazi!") Vuka! (Wananchi: "Yanapoa!") Shirikishi! Jumuishi! Endelevu!

Shukrani zangu za dhati ziwaendee wote waliofanikisha Mpango huu: mhandisi wa Kituo, ambaye tutamtafuta, kamati ya wataalamu kumi na wanane, ambayo itaundwa mara tu tukipata watu, Mheshimiwa Meya, aliyeusikia Mpango leo kwa mara ya kwanza na hakucheka, na kipekee katibu wangu, Bi. Gwen, aliyekaa nami jana alasiri tukiutafutia jina. Sasa tutoke nje kwa picha ya uzinduzi wa Kituo. Dorian, mwanangu, simama pale kwenye theluji, nyoosha mkono kulia kama unaegemea ukuta. Mpwa wangu ana kompyuta, jengo ataliweka yeye.

Asanteni sana.