Sahani Yenye Kifuniko

Baba yangu, Mungu amurehemu, alikuwa ananunua ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, pale Nyanza-Lac, na hakumwamini muuzaji hata mmoja. Gunia likifunguliwa, yeye haangalii juu. Anazamisha mkono mpaka kwapani, anatoa zile za chini kabisa, anatafuna, anasema, "Hizi nzuri." Tukifika nyumbani tukamwaga, tunakuta mchanga umelala katikati. Wauzaji wote walishajua mkono wake unafikia wapi. (Mimi nilirithi mkono huo. Akili sikuambiwa ilienda kwa nani.)

Nawaambia hayo ili mukisikia ya leo musishangae sana. Leo, wazee wenzangu, nimejianika mwenyewe juani kama hizo ndagala.

Munajua ugonjwa wangu. Unanishika hapa chini ya mbavu za kulia, unapanda mpaka begani, jasho linanitoka kama nimenyeshewa, natapika, natambaa. Halafu unaondoka wenyewe kama mgeni asiyeaga. Dokta alinitazama tumboni na ile mashine yao, akasema iko mawe ndani ya kifuko cha nyongo, siku moja watanipasua wayatoe, lakini kwanza niache mafuta. Mawe? Mimi nimekula mawe wapi? (Shule niliishia ya pili, lakini jiwe nalijua.) Na mafuta niyaache vipi, Rumonge hii ambayo hata taulo linanuka mawese?

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nikila kwangu, nalala vizuri. (Mke wangu siku hizi anachemsha tu kila kitu, sijui amepatwa na nini.) Nikila kwa Issa wa Gatete, natambaa. Issa ni bamwana wangu: mutoto wake ndiye aliyemuoa Zaina wangu. Anakamua mawese. Basi nikaanza kusema pale tunapokaa sokoni, polepole, bila kutaja jina, kwamba iko mtu ananitilia kitu kwenye chakula. (Nilitaja tu kwamba anakaa Gatete, anakamua mawese, na ni bamwana wangu.)

Maneno yakafika. Zaina akaja analia. Mama mkwe wake hamsemeshi tena, na mume wake amemwambia: baba yako aje ale hapa mbele ya watu, yaishe, ama urudi kwenu. Nikakubali kwenda. Akanishika mkono, akasema, "Baba, siku hiyo kula tu. Usiseme kitu."

Leo nikaenda, na suti. Tukakaa kwenye mkeka, wazee wa pande zote mbili, sinia moja katikati: samaki mukeke wamezama kwenye mawese, sombe ya majani ya muhogo inang'aa. Nikanawa. Mara Zaina anatoka jikoni na sahani peke yake, imefunikwa, anaiweka mbele yangu. Wenzangu wote sinia moja. Mimi sahani yangu, na kifuniko juu. Wewe ungefikiri nini?

Nikafunua. Samaki mweupe, kama ameoshwa azikwe. Nikamtazama Issa. Anatabasamu.

Sisi hapa desturi iko: anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ujue ni salama. Chakula hakuna aliyewahi kukisemea, lakini mimi nikaisukuma ile sahani. "Bamwana, nionjee."

Zaina, pale mlangoni, akaangalia chini. Issa akamega, akala. Uso ukakunjika kidogo. Nikasema moyoni, ahaa. Nikamwambia aendelee tu, amalize, mimi nitakula na wenzangu. Akamaliza, maskini, ikabaki miiba. Mimi nikaingia kwenye sinia. Nilikula, jamani. Mchuzi niliufuta kwa ugali mpaka maua ya sinia yakaonekana.

Chai ikaja, maneno ya amani yakaanza. Sikusikia hata moja. Nilikuwa namtazama Issa, nangoja aanguke. Akikohoa, najiweka sawa. Akapiga mwayo, nikasema ndiyo hiyo inaanza.

Ikaanza. Kwangu.

Mbavu, bega, jasho. Nikaanguka na suti yangu, nikatapika upande wa wakwe. Hata hapo mdomo haukupumzika: "Wamenimaliza! Ilikuwa ndani ya sinia!" Wazee wote waliokula sinia wakashika matumbo yao.

Zaina akapiga magoti. Akasema mbele ya wote, bila kupandisha sauti: "Baba, ile sahani niliipika mimi. Samaki wa kuchemsha, bila mafuta, kama dokta alivyosema. Na baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeenda ziwani asubuhi kukuchagulia."

Hakuna aliyecheka. Issa akaleta maji. Akasimama mbele yangu, akanywa funda moja taratibu, akangoja kila mtu aone amemeza, ndipo akanipa kikombe.

"Kunywa, bamwana. Mimi bado nangoja kufa."

Hapo ndipo walipocheka. Hata mama mkwe wa Zaina alicheka, akajifuta machozi kwenye bega la Zaina.

Maumivu yalipotulia nikasema naenda msalani. Nikapita msalani, nikapita ua, nikashika lami mpaka Rumonge, suti na miguu mitupu. Kule sirudi tena.

Zaina amenipigia simu sasa hivi. Anasema nisiwe na wasiwasi, viatu vyangu Issa ameviingiza ndani mwenyewe.

Ndani kufanya nini?