Milango Miwili ya Tovuti

Jumatatu, 4 Machi

Siku yangu imefika. Mkurugenzi wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba ametangaza kwamba tovuti ifumuliwe upya, iwafae madaktari na wananchi. Atakayeleta muundo bora atapewa kiti cha mkuu wa mawasiliano. Bodi itaamua Ijumaa. Kiti ni changu!

Tatizo dogo: nyumbani nilishawaambia nimekipata. Mama mkwe, anayekaa nasi tangu kisukari kianze kumsumbua miguu, aliniombea dua ndefu, na tangu hapo ananiwekea paja la kuku. Paja naweza kulikataa. Dua siwezi kuirudisha.

Mpinzani wangu ni Kobe, dada wa kitengo cha kompyuta. Tunamwita hivyo kwa sababu hufikiri kabla ya kujibu, tabia mbaya sana ofisini. Anataka ukurasa mmoja kwa kila utafiti: juu muhtasari wa lugha nyepesi, chini maelezo kamili, kila mtu asome mpaka atosheke. Daktari na fundi baiskeli wasome ukurasa mmoja! Nilicheka mpaka nikapaliwa.

Jumanne, 5 Machi

Muundo wangu: milango miwili. Ukifungua tovuti unakuta vitufe viwili, "Mimi ni daktari" na "Mimi ni mwananchi". Kila mtu akae kwake. Upande wa mwananchi nimeumaliza kabla ya chai. Utafiti wa kisukari: "Sukari nyingi si nzuri. Muone daktari." Na picha ya figo inayotabasamu. Mwananchi anataka nini zaidi?

Upande wa madaktari nimeutia uzito. Kila neno jepesi nimelitoa, nikaweka gumu. Nikampelekea profesa aliyeufanya utafiti wenyewe. Akasoma, akavua miwani, akaivaa tena, akauliza ni utafiti wa nani. Nikamwambia ni wake. Wivu tu, hana lolote.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Kobe amemshauri Mkurugenzi kwamba tovuti zote mbili zijaribiwe mbele ya bodi na watu halisi. Kila mmoja wetu alete daktari. Wananchi watachukuliwa kwenye benchi la kliniki, chini ya jengo letu. Mkurugenzi amekubali bila hata kuniangalia.

Nikampigia daktari ninayemfahamu. Akaifungua tovuti yangu kwenye simu huku anatembea, akabofya "Mimi ni mwananchi". Nikamuuliza kwa nini. Akasema upande ule ni mfupi na ana foleni mlangoni. Daktari mzima, hana aibu! Huyo nimemfuta.

Nimempata bora kuliko yeye: shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Kwa kweli anauza magodoro, lakini ana sauti nzito na kitambi cha kuaminika. Nimemwazimia koti jeupe maabara na kumfundisha sentensi moja: "Hii itatuokolea muda sisi matabibu." Ameirudia nyuma ya nyumba, mama yake asisikie.

Ijumaa, 8 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Shemeji alianza vizuri. Akasema sentensi yake, wanabodi wakaitikia kwa vichwa. Kisha mwenyekiti, wakati tukiwasubiri wananchi, akamnong'oneza kuhusu mgongo wake. Shemeji angenyamaza tu! Akamwinamisha mzee wa watu, akambonyeza kiunoni, akatamka kwamba godoro lake limekufa na kwamba anayo mazuri stoo. Hata hapo tungepona, maana mwenyekiti aliomba namba ya simu.

Mlango ukafunguliwa. Kobe akaingia na wagonjwa wa kliniki, na wa mbele kabisa alikuwa mama mkwe. Nilisahau kwamba leo ni siku yake ya kliniki! Nikajificha nyuma ya pazia la dirisha.

Akakaa kwenye kompyuta bila kuangalia pembeni. Akabofya "Mimi ni mwananchi", akasoma, akauliza iko wapi iliyobaki. Akarudi, akabofya "Mimi ni daktari". Mkurugenzi akamuuliza kwa upole kama yeye ni daktari.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Ila kule kwa mwananchi nimekuta figo inanichekea. Miguu inayokufa ganzi ni yangu. Mbona habari zake mmewafungia wengine?"

Kobe akamfungulia ukurasa wake. Mama mkwe akausoma taratibu, midomo ikichezacheza, mpaka chini. Alipomaliza akauliza kama utafiti ule bado unapokea watu, na ajiandikishe kwa nani.

Ndipo alipoinua kichwa akaona koti jeupe.

"Wewe, udaktari umesomea lini?"

Shemeji alishikwa na hofu, akasema sentensi aliyoijua. "Hii itatuokolea muda sisi matabibu."

Mama mkwe akamgeukia Mkurugenzi, akauliza kama mkuu wa mawasiliano ana habari ya upuuzi huu. Mkurugenzi akauliza mkuu yupi. Mama mkwe akaliona pazia na viatu vyangu chini yake. Akanyoosha kidole.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe hasemi nami. Anasema na mke wangu, nami nipo hapo hapo. Anamwambia, "Muulize mumeo kama atakula." Nimeletewa shingo ya kuku. Iliniuma, nakiri, ila niliimaliza.

Jumatatu, 11 Machi

Kobe ni mkuu wa mawasiliano. Sikufukuzwa. Nitaandika mihtasari ya wananchi, na kila muhtasari utasomwa na kamati ya wagonjwa kabla ya kuwekwa kwenye tovuti. Mwenyekiti wa kamati: mama mkwe. Muhtasari wangu wa kwanza amenirudishia sebuleni, mbele ya mke wangu, akauliza kati yetu ni nani hajaelewa.

Haya. Lakini kamati ina nafasi moja bado wazi. Nikipata mgonjwa mmoja tu wa upande wangu, figo yangu itarudi na tabasamu lake. Shemeji anajifunza kukohoa stoo tangu mchana, na anakohoa vizuri. Koti jeupe hatavaa tena, mimi si mjinga. Atavaa barakoa. Mama yake hawezi kumtambua.