Denge ya Kuonyesha Kidole

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Jumamosi wazee wa kwao Mwende wanapokea mbuzi wangu wa ntheo. Wakamba hawana mchezo: bila ntheo, hakuna mke. Na mbuzi hawaendi peke yao, huenda na pombe. Nimepika denge, pombe yetu ya miwa; miwa nimeitoa nyumbani Werugha. Tamu! Lakini imevurugika kama mto Voi siku ya mafuriko. Nimemwahidi Mwende pombe safi, hata ukiweka kidole nyuma ya gilasi unakiona. Akauliza ni nani aliyeomba kuona kidole. Hana jicho la kiwanda.

Jumanne, 5 Agosti

Viwandani huchuja kwa unga mweupe wa mawe laini. Bei yake nayo ni ya viwandani. Basi mbadala! Mkonge umejaa huku kwetu. Nikashindilia nyuzi mbichi kwenye ndoo yenye matundu, nikamimina. Likatoka povu. Ningeweza kufua shuka. Munyoki, kakake Mwende, akajitia kuonja. Huyu hunitafutia makosa tangu siku ya kwanza. Midomo ikamvimba, ikamwasha hadi jioni. Hasara nimeisamehe nusu.

Alhamisi, 7 Agosti

Majivu ya makapi ya mpunga, kutoka Taveta! Nimeazima joho la kwaya la mama, bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikalitandaza juu ya pipa, nikalijaza majivu. Denge ikadondoka polepole, safi kama machozi. Kidole nimekiona, hata uchafu wa kucha. Munyoki akaomba machicha yaliyobaki chini ya sufuria, ambayo hayakugusa majivu. Eti ya nguruwe. Nikampa yote kwa dharau.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee Mulinge, baba Mwende, aliinua gilasi akanitazama kupitia pombe yangu. Alinitazama sana. Akauliza kama nimewaletea maji ya chemchemi ya Mzima. Akaonja, akasema hata jiko limo. Mzee mwingine akaeleza kwamba pombe ya ukweni hunywewa na machicha yake. Anayeichuja ana jambo anawaficha wakwe. Hapo Munyoki akatokea na kibuyu. Machicha yangu! Ameongeza asali tu. Wazee wakanywa, wakapangusa ndevu, wakausifu mkono wake.

Kisha Mzee Mulinge akaniambia kwa upole, "Kijana, rudi mwezi ujao na pombe yenye kivuli."

Mbuzi wakabaki. Mimi nikarudi. Mwende alinisindikiza hadi barabarani. Akanisihi nipike tu kama nyanya yangu anavyopika, nisiongeze akili. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nampenda huyu msichana na nimeumia kweli.

Jumapili, 10 Agosti

Mama ameimba leo akiwa na joho la kijivu, peke yake katika safu nzima. Haongei nami. Sawa, nimepata nafasi ya kufikiri.

Kosa nimeliona. Wazee wanataka ukungu. Basi watapata ukungu. Lakini kupika upya ni kazi ya bure, na nina pipa zima la denge safi, limekaa tu. Linahitaji kitu kidogo cha kulivuruga. Unga wa muhogo umepanda bei. Ila kuna debe la chokaa lililobaki tulipopaka choo.

Mwende alisema nisiongeze akili. Chokaa si akili.