Glavu za Kuzamia, Namba Kumi na Moja

Jumamosi, 3 Februari 1996

Leo nimemwambia Donat glavu za kuzamia aniachie mimi kununua. Mume wangu! Wiki tatu sasa tangu harusi, na bado neno hilo naliandika polepole. Jumapili ijayo, si kesho, ana mtihani wa kuzamia kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, nje ya Brussels. Maji ya digrii nne! Akishindwa, cheti hadi mwaka ujao, na tayari amewatangazia walinzi wenzake wote kwenye ofisi za Ulaya, pale Schuman. Dada yake, wifi Émérance, alijitolea kununua glavu. Nikasema asante, kaka yako ana mke.

Jumapili, 4 Februari

Siwezi kumwuliza Donat namba ya mkono wake. Zawadi ikiulizwa si zawadi! Basi kwenye misa, Basilika, nilimshika mkono nikaupima kwa rozari, kifundo hadi ncha ya kidole. Punje kumi na tisa na nusu. Donat akaninong'oneza kwamba hajapata kuona mwanamke mwenye ibada kama mimi. Nikaona haya. Kidogo.

Jumatano, 7 Februari

Dukani. Muuzaji aliiangalia rozari kwa muda mrefu. Mwishowe akakisia namba tisa. Halafu mahubiri: glavu ibane, maji machache yaingie, mwili uyapashe moto, yakae humo humo. Ikilegea, maji baridi yanaingia na kutoka yanavyotaka. Nikaitikia bon, bon, nikachukua kumi na moja. Maskini, hakulelewa na mama wa kwetu Butembo, Kongo! Sweta yangu ya shule ilinunuliwa mwaka wa kwanza wa sekondari, ikanienea mwaka wa mwisho. Na nafasi naihitaji: nafuma glavu za sufu, nyekundu, avae ndani. Mapenzi yangu yatamgusa kila kidole!

Ijumaa, 9 Februari

Wifi alikuja. Akatia mikono yake yote miwili ndani ya glavu moja. "We Kahambu, donc mutoto ya mama yangu agande juu ya mapenzi yako?" Nikamjibu kwamba wivu haujawahi kumpasha mtu moto. Donat akazivaa, akasema zimemkaa vizuri kabisa. Moja ikaanguka. Akaiokota haraka nisione. Malaika!

Jumapili, 11 Februari

Mungu wangu, asante! Yuko hai! Vidole kumi, nimevihesabu mwenyewe, kila kimoja na busu lake.

Alizama. Nikasimama ukingoni na chupa ya chai, najivuna. Kumbe huko chini sufu ilikunywa maji ikavimba, glavu zikajaa kama ndoo. Mwalimu akamwuliza kwa ishara kama yuko salama. Donat akajibu kwa vidole, lakini vidole havikuonekana. Glavu ikapepea tu. Mwalimu akadhani anaomba msaada, akampandisha. Mikono ya mume wangu ilikuwa myeupe kama mihogo iliyomenywa. Nililia! Nikaiingiza ndani ya koti langu, nikaikumbatia saa nzima mbele ya Wabelgiji wote.

Mwalimu akampa nafasi moja tu tena. Ndipo wifi, aliyekuja nasi, akafungua mkoba wake akatoa glavu nyingine. Namba tisa. Zilibana mpaka tukazivuta watu wawili kumvisha. Akazama, akatoa ishara, akafaulu! Nikamkumbatia hata Émérance. "Bon, bon," akasema, "utanivunja mbavu."

Jumanne, 13 Februari

Cheti kiko ukutani. Nalala usingizi mtamu. Nimefikiri sana juu ya Jumapili, na kosa nimeliona: sufu ilikuwa ya tabaka moja. Yalihitajika mawili, na glavu namba kumi na tatu. Sasa mwalimu anasema Donat anunue kofia ya mpira ya kuzamia, na eti nayo ibane. Wote wimbo mmoja! Nimeshaanza kufuma ya ndani, yenye masikio. Muuzaji ajiandae: kabla mwezi haujaisha, nitakuwa mlangoni pake.